Ulimi wa Seli T: Kwa Nini Tumbili Haugui UKIMWI

Mkulima yeyote aliyewahi kulinda mahindi, kuanzia Pwani hadi Ziwa Victoria, anamjua tumbili. Huja mapema umande haujakauka. Mmoja hupanda mti kuangalia, wenzake hushuka shambani, na mwenye shamba akija kushtuka wamekwisha kujaza mashavu na kutokomea. Mnyama huyu mwenye uso mweusi amebeba mwilini jambo lililowashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 20. Katika baadhi ya makundi ya porini, karibu nusu ya tumbili waliokomaa wana virusi viitwavyo SIV, ndugu wa Virusi vya UKIMWI (VVU). Virusi hivyo huzaliana kwa wingi katika damu yao, mchana na usiku, mpaka siku ya kufa kwao. Lakini tumbili hakondi. Haharishi, hatokwi na utando mweupe mdomoni, kinga yake haibomoki. Anazaa, analea, anazeeka, anaendelea kuiba mahindi.

Binadamu akiambukizwa VVU na asipotibiwa, mara nyingi hufa baada ya miaka kumi hivi. Virusi ni vya ukoo mmoja, na seli vinazoingia ni za aina moja. Kwa nini mmoja aishi navyo kama anavyoishi na mpangaji, na mwenzake afe?

Jibu halikupatikana mahali pamoja. Lilikusanywa kidogo kidogo kutoka vibanda vya panya nje ya London, maabara za Texas na San Francisco, chuo kikuu cha Ulm huko Ujerumani, hadi misitu ya Gombe mkoani Kigoma. Ni historia ya kifaa kidogo mno kinachokaa juu ya utando wa seli nyeupe ya damu. Kifaa hicho ni kipokezi cha seli T.

Kasensero na Kagera

Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilayani Rakai nchini Uganda, watu walianza kufa kwa ugonjwa uliowakausha. Waliharisha wiki hadi wiki, wakabaki mifupa na ngozi. Waganda wakauita Slim. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa 3 wa kwanza wa Tanzania waliandikishwa mwaka 1983. Huko wapo waliouita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivuma wakati ule, na wapo waliosema ni kurogwa. Mwaka 1985 madaktari David Serwadda, Nelson Sewankambo na wenzao waliueleza ugonjwa huo katika jarida la Lancet, wakauhusisha na kirusi kilichokuwa kimekwisha kugunduliwa.

Kirusi chenyewe kiligunduliwa Paris mwaka 1983 na Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao wa Taasisi ya Pasteur. Desemba 1984 makundi mawili ya watafiti, moja la London na jingine la Paris, yalionyesha kirusi kinapoingilia. Hushika protini iitwayo CD4 iliyo juu ya seli T, kisha hupenya. Baadaye wagonjwa wetu wakazoea kuulizana kliniki, "CD4 zako ngapi?"

Lakini kulikuwa na fumbo. Watafiti walipochunguza damu ya wagonjwa walikuta kwamba seli chache tu kati ya zile za CD4 zina kirusi ndani yake, ilhali seli zilizokuwa zikiisha ni nyingi mno. Ni kama kusikia kwamba nyumba tatu zimevamiwa na wezi, ukienda kuangalia ukakuta mtaa mzima umeungua. Nani kauchoma mtaa? Ili kujibu swali hilo, ilibidi kwanza seli T ieleweke. Na hadithi ya seli T ilianza miaka 20 na zaidi kabla ya Kagera.

Tezi iliyodharauliwa

Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, kuna tezi laini iitwayo thaimasi. Kwa mtoto ni kubwa, kwa mtu mzima hunywea na kugeuka mafuta. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wengi waliamini kwamba haina kazi yoyote ya maana. Waliiona imejaa chembe nyeupe zinazokufa, wakaiita makaburi ya chembe.

Jacques Miller alikuwa daktari kijana aliyezaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1931, akakulia Shanghai na kisha Australia. Mwaka 1958 alifika London kusomea utafiti, akapangiwa kituo cha mashambani kilichokuwa na vibanda vilivyogeuzwa kuwa maabara. Alikuwa akichunguza saratani ya damu kwa panya. Kazi yake ilimlazimu kuwapasua panya waliozaliwa siku hiyo hiyo na kuwatoa thaimasi. Fikiria kiumbe chenye uzito wa gramu moja na kidogo, chekundu, kisicho na nywele, kipasuliwe kifuani na kutolewa tezi iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, kisha kirudishwe kwa mama yake akubali kukinyonyesha.

Walionusurika walikua vizuri hadi kuachishwa ziwa. Kisha wakaanza kudhoofika, wakaharisha, wakafa kwa maambukizi. Miller alipowabandika ngozi ya panya wa kabila jingine, ngozi ambayo panya mzima huikataa katika muda wa siku chache, miili yao iliipokea na manyoya ya rangi ngeni yakaota juu yake. Mwaka 1961 alitangaza katika Lancet kwamba thaimasi ndiko zinakotoka seli za kinga. Wakubwa wa fani hiyo walichelewa kuamini, lakini majaribio yalirudiwa kwingine na matokeo yakawa yale yale. Mwaka 1968, akiwa Melbourne pamoja na Graham Mitchell, alionyesha kwamba seli za kinga ni jeshi lenye vikosi viwili. Kimoja hutengeneza kingamwili, nacho ni cha seli B. Kingine hutoka thaimasi, ndicho cha seli T.

Soma tena maelezo ya panya wale: walikonda, wakaharisha, wakafa kwa maambukizi. Miaka 20 baadaye Rakai ilikuwa ikieleza jambo lile lile kwa binadamu.

Macho

Seli T hujuaje kwamba seli jirani imeingiwa na kirusi, ilhali kirusi kimejificha ndani? Mwaka 1974, mjini Canberra, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walionyesha kwamba seli T haimtambui mgeni peke yake. Kila seli ya mwili huanika nje vipande vya protini zilizomo ndani yake, kama mama wa sokoni anavyopanga nyanya mafungu kwenye meza. Meza hizo ni protini za mwili wenyewe. Seli T hukagua meza na bidhaa kwa pamoja. Ikikuta kipande kigeni juu ya meza ya nyumbani, hushtuka. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Basi lazima seli T iwe na kifaa cha kukagulia. Kifaa hicho kilitafutwa kwa shauku kubwa, na kilianza kuonekana mapema miaka ya 1980. James Allison katika mji mdogo wa Smithville, Texas, Ellis Reinherz na Stefan Meuer wa Boston, na John Kappler, Philippa Marrack na Kathryn Haskins wa Denver, kila kundi kwa njia yake, walinasa protini ya minyororo miwili iliyo juu ya seli T. Ilibaki kupata jeni zake. Mark Davis na Stephen Hedrick walipiga hesabu kwamba seli T na seli B zinafanana katika takriban asilimia 98 ya jeni zinazotumika. Wakaondoa zote zinazofanana, wakatafuta katika mabaki. Machi 1984 kundi lao na lile la Tak Mak wa Toronto walichapisha jeni ya mnyororo mmoja, beta. Kabla mwaka haujaisha na wa pili, alfa, ukapatikana.

Alfa na beta ni macho ya seli T. Jeni zake huchanganywa upya katika kila seli inayozaliwa, kama karata, hata kila seli ikawa na macho yake ya pekee. Thaimasi hukagua seli hizo kabla ya kuziachia. Zile zisizoona kitu hufa, na zile zinazoushambulia mwili wenyewe kwa nguvu huuawa. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi hazitoki humo. Zile chembe zinazokufa, ambazo wazee wa fani waliziona wakadhani ni makaburi, zilikuwa za mchujo.

Ulimi

Tatizo lilionekana mara moja. Mikia ya alfa na beta inayoingia ndani ya seli ni mifupi mno. Macho yanaona, lakini hayana namna ya kusema yaliyoyaona. Nani basi hupeleka habari ndani?

Dokezo lilikuwapo tangu 1979, pale watafiti wa Marekani walipotengeneza kingamwili iliyoitwa OKT3, iliyokuwa ikishika seli T zote. Ilichoshika kilikuja kuitwa CD3. Kadiri miaka ilivyokwenda ilibainika kwamba CD3 ni familia ya minyororo iliyosimama kando ya alfa na beta: gama, delta na epsiloni mbili. Kisha katika taasisi za afya za taifa huko Marekani ukaongezwa mnyororo mwingine, zeta, unaokaa wawili wawili, wenye mkia mrefu uliozama ndani ya seli. Ondoa mmoja wa minyororo hii na kifaa hakiungiki vizuri wala hakifiki juu ya seli. Macho na ulimi huenda pamoja.

Mwaka 1989 Michael Reth wa Freiburg, Ujerumani, aliandika barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa ameona kwamba mikia ya CD3 na zeta, na ya vipokezi vya seli B pia, ina mpangilio mmoja wa amino asidi unaojirudia. Gama, delta na kila epsiloni ina mpangilio huo mara 1, na kila zeta mara 3. Jumla ni 10 kwa kila kipokezi. Miaka miwili baadaye, San Francisco, Bryan Irving na Arthur Weiss waliukata mkia wa zeta wakaupachika kwenye protini nyingine. Walipoigusa protini hiyo kwa nje, seli T iliamka kana kwamba imemwona adui. Mkia peke yake ulitosha kusema.

Usemi wenyewe huenda hivi. Macho yakishika kipande kigeni, CD4 iliyo kando husogea na kuleta kimeng'enya kiitwacho Lck. Lck hubandika fosfati kwenye zile sehemu 10 za mikia. Kimeng'enya kingine, ZAP-70, kilichogunduliwa na kundi hilo hilo la Weiss mwaka 1992, huja kukaa hapo na kupokezana habari na wengine hadi kwenye kiini. Kutoka kuguswa hadi kuanza kwa ujumbe ni suala la sekunde. Watoto wanaozaliwa bila ZAP-70 wana macho kamili na ulimi kamili, lakini hakuna wa kuupokea ujumbe, nao hupata maambukizi mazito tangu wachanga.

Hapa ndipo inapodhihirika kwamba CD4, ule mlango wa VVU, ni kiungo cha kifaa hiki chenyewe. Kirusi kiliuchagua mlango uliopo pale pale kengele inapopigwa.

Moto

Seli T iliyoamshwa hujigawa, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, hadi maelfu. Humwaga kemikali za ujumbe ziitwazo saitokini. Mishipa midogo ya damu hulegea, maji na chembe nyingine nyeupe humiminika mahali hapo. Kila aliyewahi kuota jipu anajua matokeo: panavimba, panakuwa pekundu, panachemka, panauma. Madaktari huita hali hii inflamesheni. Ni moto ambao mwili huuwasha makusudi kumchoma adui, na ukiisha kazi huuzima.

Ukubwa wa moto huo ulionekana hospitalini mwaka 1986, pale OKT3 iliporuhusiwa Marekani kama dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Ilikuwa kingamwili ya kwanza ya aina yake kuruhusiwa kutibu binadamu. Lengo lilikuwa kuzizima seli T. Lakini kabla ya kuzizima, dawa ilizitingisha ndimi zake zote kwa mpigo. Saa chache baada ya sindano ya kwanza wagonjwa walitetemeka kwa baridi, homa ikapanda, wengine mapafu yakajaa maji. Hakuna mdudu wala kidonda, ni ulimi wa CD3 tu ulioguswa. Madaktari walijifunza hapo kwamba kinga iliyoamshwa bila kiasi ni ugonjwa tosha.

Somo hilo lilirudi kwenye UKIMWI. Janis Giorgi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia miaka mingi kupima alama za kuamka juu ya seli T za wagonjwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: kwa wagonjwa waliokuwa katika hatua za mwisho, kiwango cha kuamka kwa seli T kilitabiri kifo vizuri zaidi kuliko wingi wa virusi katika damu. Mwaka 2003, Atlanta, Guido Silvestri, Mark Feinberg na wenzao walieleza habari za mangabe wa Afrika Magharibi, nyani wenye SIV yao. Damu yao ilikuwa na virusi vingi kama ya mgonjwa wa UKIMWI, lakini seli T zao zilikuwa zimetulia.

Fumbo la mtaa ulioungua likaanza kufumbuka. VVU haviui seli kwa kuziingia tu. Vinawasha kengele isiyonyamaza. Seli T huamka, hupigana, huchoka, hufa, nyingine huzaliwa na kuamka nazo. Tena VVU huzaliana vizuri zaidi ndani ya seli iliyoamka, kwa hiyo kila kengele inapolia, kirusi huongezewa nyumba za kuvamia.

Ndoano ya Nef

Ilibaki kujua kwa nini kengele ya mangabe na tumbili haipigi vile. Mmoja wa watuhumiwa alikuwa protini ndogo ya kirusi iitwayo Nef, yenye amino asidi takriban 200. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba inapunguza kasi ya kirusi. Dhana hiyo ilianguka mwaka 1991, kundi la Ronald Desrosiers lilipoonyesha kwamba nyani makaki walioambukizwa SIV isiyo na Nef walibaki na virusi vichache na afya njema. Mwaka 1995 ikajulikana kwamba mchangia damu mmoja wa Sydney na watu waliopokea damu yake, ambao walikuwa wameishi na VVU kwa miaka mingi bila kuugua, walikuwa na kirusi chenye Nef iliyokatika.

Nef haina meno ya kukata kitu. Kazi yake ni ya ndoano. Hujibandika upande wa ndani wa utando wa seli, hushika mkia wa protini fulani, kwa mkono mwingine hushika mashine ambayo seli huitumia kuvuta vitu ndani, na protini ile huzamishwa na kuondoka juu ya seli. Karibu Nef zote huiondoa CD4 hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba Nef ya SIV ina shabaha nyingine. Inashika mkia wa zeta. Zeta ikivutwa, kipokezi kizima huenda nayo, kwa kuwa macho na ulimi vimefungwa pamoja. Seli T inabaki hai, inazalisha virusi, lakini haioni wala haisemi.

Mwaka 2006 Michael Schindler, Frank Kirchhoff na wenzao wa Ulm walikusanya Nef za virusi vya nyani wa aina nyingi wa Afrika, wakazijaribu moja moja ndani ya seli T. Matokeo, yaliyotoka katika jarida la Cell, yaligawanyika makundi mawili. Nef ya kirusi cha tumbili iliiondoa CD3. Nef ya mangabe iliiondoa. Nef ya HIV-2, ile aina ya VVU isiyo kali sana, iliiondoa. Lakini Nef ya HIV-1, ile iliyoua mamilioni, na za ndugu zake wa karibu akiwemo kirusi cha sokwe, hazikuweza. Seli zilizobeba virusi vya kundi hili la pili ziliamka kwa nguvu zaidi zilipochokozwa, na zilikufa zaidi.

Kwa hiyo kirusi cha tumbili huuficha ulimi wa seli T na kuishi kimya. Kirusi chetu kimepoteza ujuzi huo. Kinaingia ndani na kuiacha kengele ikilia.

Gombe

Upungufu huu tuliurithi kutoka kwa sokwe. Sokwe huwinda nyani wadogo na kuwala, na kirusi chao ni mchanganyiko wa virusi viwili vya nyani tofauti. Katika ukoo huo ndimo Nef ilimopoteza uwezo wa kuivuta CD3. Kama ndivyo, sokwe wenyewe wanapaswa kuugua. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hawaugui.

Ukweli ulitafutwa Gombe, mahali ambapo sokwe wamefuatiliwa kwa majina tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960. Huwezi kumdunga sindano sokwe wa porini kila mwezi. Wafuatiliaji huamka giza, husubiri chini ya mti alikolala mnyama wanayemjua, na akishuka hukusanya kinyesi chake kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Vichupa hivyo vilisafiri hadi maabara ya Beatrice Hahn huko Marekani. Mwaka 2009 kundi lake, Brandon Keele akiwa mwandishi wa kwanza, lilitoa jibu katika Nature: sokwe wenye kirusi walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri wao wasio nacho. Mmoja aliyefanyiwa uchunguzi baada ya kufa alikutwa seli zake za CD4 zimekwisha, kama za mgonjwa wa UKIMWI.

Kirusi kilichotufikia sisi kilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, yumkini kwa damu ya mawindo. Hesabu za kijenetiki zinauweka mwanzo wa kuenea kwake Kinshasa, wakati ule Léopoldville, karibu na mwaka 1920, kikisafirishwa na reli na mashua za koloni la Wabelgiji. Sampuli mbili za zamani za mji huo, za 1959 na 1960, zilikwisha kuwa nacho.

Ndugu yake, HIV-2, alitoka kwa mangabe wa Afrika Magharibi. Aligundulika katikati ya miaka ya 1980, Souleymane M'Boup wa Dakar akiwa miongoni mwa waliomtambua. HIV-2 huenea polepole, na walionayo mara nyingi huchelewa zaidi kuugua. Nef yake bado inaishika zeta. Haki inatulazimu kusema pia kwamba ndoano hiyo siyo sababu pekee. Makaki wa Asia wakipewa kirusi cha mangabe, chenye ndoano kamili, huugua vibaya. Tumbili wana kinga nyingine za kuzaliwa nazo: seli zao nyingi huacha kuvaa CD4 zikishakomaa, na kishindo cha kwanza cha maambukizi hupoa baada ya wiki chache. Kwa binadamu kuna jambo jingine linalochochea: mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba VVU huharibu kinga ya utumbo, ukuta wake ukavuja, na mabaki ya bakteria yakaingia kwenye damu yakizidi kuwasha moto. Tumbili wamepatana na kirusi chao kwa maelfu ya miaka. Sisi tumekutana na chetu juzi.

Tunachodaiwa

Historia hii ina matokeo kwa kila anayeishi na VVU leo. Kama kinachoua ni moto pamoja na mwizi, basi kusubiri CD4 zishuke ndipo mtu aanze dawa ni kuacha nyumba iungue kwanza. Utafiti wa SMART, uliohusisha watu 5,472, ulionyesha mwaka 2006 kwamba walioacha dawa kwa vipindi walikufa zaidi kuliko walioendelea, na wengi wao si kwa magonjwa nyemelezi; magonjwa ya moyo, figo na ini nayo yaliwapata zaidi. Mwaka 2015 utafiti wa START, wenye watu 4,685 katika nchi 35, Uganda ikiwemo, ulikuta kwamba kuanza dawa mapema, CD4 zikiwa bado nyingi, kunapunguza magonjwa makubwa na vifo kwa asilimia 57. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaagiza kila aliyeambukizwa aanzishiwe tiba bila kusubiri.

Dawa huvifubaza virusi, na virusi vikifubaa kengele hupungua. Haikomi kabisa. Ndiyo maana mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, ambao Uganda ilishiriki pia, ulikuta kwamba wenye VVU waliopewa dawa ya kushusha lehemu, pamoja na dawa zao za VVU, yaani ARV, walipungukiwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Moto uliobaki nao unatibika.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa hujapima, kapime. Ukiwa umeanza ARV na unajisikia mzima, usiziache kwa sababu unajisikia mzima, maana moto wa ndani haukuanza siku uliyougua wala hauishi siku unapopata nafuu. Nenda kliniki ya CTC kwa tarehe yako, ulizia wingi wa virusi, pima na shinikizo la damu. Tumbili alirithi amani yake na kirusi. Ya kwetu imo katika kidonge kimoja kwa siku, na kidonge hicho hutolewa bure.